Kiapo Mpakani Gatumba

Askari wa mpaka aliisoma tena lesepase, hati ya kuvukia mpaka: Houda, na mtoto mmoja. Akainama dirishani mwa gari, akamtazama mtoto aliyekuwa akilia mapajani mwa Houda.

"Mama, huyu mutoto ni wako kweli? Mbona anakukataa?"

Mtoto wake mchanga aliyeandikwa pale, Houda alikuwa amemwacha mtaani Bwiza kwa bibi yake. Huyu alikuwa wa jirani yake Mkristo aliyeuawa juzi, na baba wa mtoto alikuwa akimsubiri Uvira, ng'ambo ya mpaka.

"Basi apa kwa Mungu wako, mupite."

Jina la Mungu Houda hakuwahi kulitia katika uongo, wala hakukusudia kuanza leo.

"Ngojea kidogo, shefu. Ana njaa."

Akalegeza kitenge, akamweka kifuani. Mtoto akageuza uso, akarudi, kisha akaling'ang'ania titi. Askari akatazama pembeni. Houda akasikiliza koo dogo likimeza, funda baada ya funda. Tangu utotoni alifundishwa madrasani kwamba uliyemnyonyesha ni wako, sawa na uliyemzaa.

Mtoto aliposhiba, Houda aliinua macho.

"Wallahi, shefu, huyu ni mutoto wangu."