Viatu vya Mfadhili

Mguu wa ishirini na moja ulikataa kutulia juu ya karatasi.

"Penseli inanitekenya," mtoto alilalamika huku akicheka.

"Vumilia, malkia. Mguu ukitikisika utaletewa kiatu cha bata."

Aliyeshika penseli alikuwa mpishi wa nyumba ile. Kina mama walimwita Redio, kwa kuwa tangu aajiriwe hakuna aliyegundua anazimiwa wapi. Alipenda nyumba ijae, sufuria zijae na habari zisikatike, na pale alivipata vyote, ingawa nyumba yenyewe haikuwa ya furaha. Waliokuwemo walikuwa wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao, kila mmoja na wanawe. Lango halikuwa na kibao. Majirani waliamini ni chuo cha ushonaji. Jina la mtu halikutoka nje, picha haikupigwa, na mwanamume hakuvuka kizingiti, hata awe fundi bomba.

Lakini siri hailipi kodi ya nyumba. Shirika lililokuwa likiwafadhili lilikuwa limehamishia huruma yake kwingine, na msimamizi alikwishawaambia kina mama kwamba mwisho wa mwezi mlango utafungwa, kila mmoja arudi alikotoka. Mama mmoja alianza kukunja nguo za mwanawe palepale, kisha akazikunjua.

Ndipo barua ya mfadhili mpya ilipoingia kwenye sanduku la posta. Alikuwa akiziandikia nyumba za aina hiyo moja baada ya nyingine, akitafuta ya kuibeba. Angelipa kodi, chakula, ada za shule, na yule mshauri wa kila Jumanne aliyecheza na watoto hadi waseme yanayowakaba. Wafadhili wengine walitaka picha za makovu, tena za karibu. Huyu hakutaka jina wala sura. Alitaka kila mtoto achorwe nyayo zake, ili aletewe viatu visivyombana. Msimamizi aliisoma barua mara mbili, ya pili akiwa anafuta macho.

Mguu wa ishirini na mbili, wa kulia wa mtoto yuleyule, ulimnyamazisha Redio, jambo ambalo hata homa haikuwahi kuliweza. Kidole cha mwisho hakikuwapo. Kilikwenda na mlango wa chuma, siku baba yake alipoubamiza bila kutazama, au baada ya kutazama. Mama yake hakuwahi kufafanua. Redio alipitisha penseli taratibu, akalifuata lile pengo kona kwa kona, fundi viatu asije akasema hakuambiwa.

Mama wa mtoto akaingia na ndoo ya nguo. Walimwita Mama Kimya, naye hakulipinga jina. Aliitazama karatasi.

"Dada, nambari ya kiatu isingetosha?"

"Nambari ni ya dukani, mdogo wangu. Mguu ni wa mtu."

Mama Kimya akaenda kuanika.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, gari lilisimama langoni. Maboksi yalikuwa makubwa mno kwa posta, kwa hiyo msimamizi mwenyewe alikuwa amemwelekeza dereva kwa simu, kona hadi kona. Kando ya dereva alikaa bwana wa makamo, shati limenyooka kwa pasi. Ndiye mfadhili. Msimamizi alimsihi ashuke apewe shukrani zake, akakataa kwa upole. Sheria ni sheria, alisema, na yeye ni mwanamume. Angengoja humo garini hadi viatu vijaribiwe, kama kuna kisichotosha akakibadilishe.

Redio alimpelekea chai. Yeye si mtu wa kumwacha mgeni akae na ukimya wake. Alisimulia ya jikoni na ya bwenini, nani mlafi, nani bado anakojoa kitandani, na bwana yule alisikiliza kama watu wanaojua kusikiliza. Aliuliza jambo moja tu, kama watoto wanalala vizuri.

"Wanalala. Ni mmoja tu bado anaweweseka, yule wetu wa mguu."

"Atazoea," bwana alisema, akapuliza chai yake.

Ndani kulikuwa kama harusini. Watoto waliandamana kwenye ukumbi, viatu vikilia juu ya saruji. Hakuna kilichobana, hakuna kilichopwaya. Cha yule binti wa Mama Kimya kilikuwa kimejazwa sponji laini palepale penye pengo, akaruka kamba bila kukunja uso. Msimamizi alikaa kwenye ngazi akasema, mara tatu mfululizo, kwamba sasa hakuna atakayerudi alikotoka.

Chini kabisa ya boksi la mwisho palibaki jozi moja iliyofungwa kwa gazeti. Viatu vya kike, vya kahawia, si vipya. Kisigino kimoja kimelika upande.

"Mkewe kavichoka hivi," Redio alisema, akaufanya mchezo: atakayetoshwa avichukue. Kina mama wakapanga foleni. Mmoja vilimbana, mwingine vilimvuka, na kwa msimamizi hata dole gumba halikupita, watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Akabaki Mama Kimya, aliyekuwa jikoni akiosha vyombo. Wakamwita kwa kumpigia makofi.

Alikuja akijifuta mikono kwenye gauni. Hakuvivaa. Aliinama, akakiokota kile chenye kisigino kibovu, akakipapasa kwa ndani.

"Hivi niliviacha uvunguni mwa kitanda chetu, kule nilikokimbia," alisema polepole. Kisha akamgeukia mpishi. "Redio, lango umelifunga?"