Vijiti vya Kopo Jipya

"Mashine nzima, jirani! Mwili wako ndio mkorofi!" Muuza dawa alikuwa anafoka mlangoni kwake, na sisi wapangaji wenzake tukasogeza viti uani tusipitwe na neno.

Fundi cherehani alikuwa amesimama mbele yake, mashine ya kupimia sukari mkononi. Vidonge vya kisukari alishaviacha, maana kila asubuhi mashine ilimwambia yuko sawa. Leo kliniki wamempima wakashika vichwa. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimeanza kuwa cheusi.

Alitoa kichupa alichopewa na nesi, maji ya kukagulia mashine ambayo kiwango chake cha sukari kimeandikwa ubavuni. Akachomeka kwenye mashine kijiti kutoka kopo alilouziwa na muuza dawa, akadondosha tone. Mashine ikaleta namba isiyofika hata nusu ya ile iliyoandikwa.

Akachomeka kijiti cha kliniki, akadondosha tena. Namba ikaja sawasawa.

"Kweli, mashine nzima," akasema polepole. "Kopo la vijiti nalo jipya. Vijiti ndivyo vibovu."

"Vilipigwa unyevu kidogo tu, dada. Nikavihamishia humo. Ningevitupa vyote?"

"Ukanipa mimi? Mimi niliyekuuguzia mama yako mpaka akafa mikononi mwangu?"

"Kikulacho ki nguoni," mtu akanong'ona, "hata kwa fundi nguo." Hakuna aliyecheka.

Muuza dawa alikitazama kile kidole, kisha akaufungua mlango wote.

"Ingia basi, dada yangu," akasema. "Tule kwanza. Chakula kinapoa."