Mlio wa Jiwe

Fundi Mshamu alilisukuma kando jiwe la mashine ya kunolea, la kijivu.

"Hilo ni la chuma cha kawaida, Bi Kidawa. Visu vyangu vya kukerezea ni vya kabaidi, vigumu kuliko chuma, vitalimaliza bure. Nipe la kijani."

Mwenye duka akamletea. Mshamu alipitisha kidole kwenye tundu la katikati, akalining'iniza, akaligonga kwa mpini wa bisibisi, akatega sikio kama wafanyavyo mafundi wote. Jiwe zima hulia kama kengele. Lenye ufa hupasuka likishika kasi, na vipande vyake huua.

Hili lilitoa mlio mzito, kama ubao uliolowa maji.

"Linalia vizuri," alisema. "Nifungie."

Bi Kidawa alidhani anatania. "Lina ufa, fundi."

Mshamu alikuwa akipapasa mfuko, hakugeuka. Bi Kidawa akarudia, kwa sauti zaidi. Wapi! Mashine ya kukereza ilikuwa imemvumia masikioni tangu ujana.

Mwenye duka akamshika mkono, akalichukua jiwe, akatikisa kichwa polepole.

Mshamu aliketi juu ya kreti, mabega yamemshuka. Alipoletewa jingine, aliligonga. Safari hii hakutega sikio. Alimtazama Bi Kidawa usoni, akangoja.