Sikio la Kompyuta

"Yule mwigizaji wa mumeo, akishamaliza kulia vile, huwa mnampa hata maji ya kunywa?" Jirani aliwahi kumuuliza hivyo mke wa mtunzi, siku moja wakianika nguo.

Mke alibana shuka kwenye kamba. "Huwa anajichotea mwenyewe," alisema.

Jirani alicheka. Kuta za nyumba zile zilikuwa nyembamba, na mtaa mzima ulijua kuwa chumba cha nyuma ndimo unamorekodiwa ule mchezo wa redio wa mwanamke anayeteswa na mumewe. Sahani zikivunjika humo, mtu akibamizwa ukutani, watu walinyamaza wasikilize, wapate kujua ya wiki ijayo kabla ya wengine.

Leo chumba kilikuwa kimya, na mtunzi alikuwa hashikiki. Tangu juzi kompyuta haijanasa sauti yoyote, na kipande cha wiki hii kilitakiwa redioni saa kumi jioni. Sasa ilikuwa saa nane. Alishaipiga ile kompyuta mpakato ngumi hadi herufi mbili zikang'oka. Kipanya chake alikibamiza ukutani kikawa vipande. Mkewe alikuwa amefungwa kitambaa mkono wa kushoto; alisema aliteleza bafuni.

Fundi aliyeitwa alikuwa mama mtu mzima, mjane mwenye mwili wake, ambaye mtaani walishamsahau jina wakabaki na Mama Bisibisi. Alimtaja Mungu kwanza, kama alivyofanya kabla ya kila kazi, akavaa miwani, akaketi.

Alipoambiwa ni mchezo gani umekwama, alifurahi kama mtoto. Kila Alhamisi huusikiliza akiwa kazini, alieleza, na yule mwanamke akianza kulia yeye huweka vifaa chini. Siku moja alijikuta anamwombea, kisha akajicheka, maana mtu wa mchezoni haombewi. Mtunzi akasema wengi wamemwambia maneno kama hayo. Mke aliinama akawa anaokota vipande vya kipanya.

Fundi alianza na mepesi. Waya ulikuwa umechomekwa. Spika zilitoa sauti safi. Akafungua programu ya sauti, akapandisha na kushusha vile vijiti vyake kwenye kioo, kimoja kimoja. Halafu akaguna.

Mdomo wa kompyuta ni mzima, alisema; kilichozibwa ni sikio. Programu imeambiwa iiache maiki ya mezani na isikilize tundu la pembeni, ambalo halina kitu. Akasogeza miwani, akasoma kumbukumbu za programu.

"Imebadilishwa mara tatu wiki hii, tena kwa mkono. Kompyuta haijizibi yenyewe, baba."

Ndipo alipoona macho ya mtunzi yamekwenda wapi. Mke alikuwa amesimama na vipande vyake kiganjani, amebana pumzi. Mtunzi alimfikia kwa hatua mbili, akaushika ule mkono wenye kitambaa, akauminya polepole kama anayekamua ndimu. Vipande vikaanguka. Mke aliuma mdomo hadi damu ikachuruzika kidevuni, lakini hakutoa sauti.

Fundi alikuwa amekula chumvi nyingi. Mkono ule haukuteleza bafuni. Na sasa ulimi wake mwenyewe ulikuwa umemponza mtoto wa watu. Akalazimisha kicheko.

"Uzee huu! Nimesoma mstari sio. Ni programu imejisasisha ikavuruga mipangilio. Mwache mwenzio, juzi tu nimetibu mbili za hivihivi."

Mtunzi alisita, akamwachia. Fundi akarudisha maiki mahali pake, lakini jambo moja lilimkwama rohoni. Mtu aliyechoshwa na kelele huziba mdomo. Huyu binti aliziba sikio kwa nini?

Hakupata nafasi ya kuuliza. Mtunzi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, anahesabu dakika kwa sauti.

Kulikuwa bado na mkwaruzo. Waya wa maiki ulikuwa umelegea chini kwenye kiungio, kwa hiyo fundi alivaa hedifoni, akajipenyeza chini ya meza, miguu ikabaki nje. Humo hakuona kitu, na hakusikia ila kile kilichosikiwa na maiki. Akakaza skrubu, akaomba mtu aseme neno. Mtunzi akamwita mkewe.

"Moja," alisema mke. "Mbili."

Sauti ndogo mno. Fundi alieleza kuwa anataka sauti ya juu kabisa itakayofika humu, aipime, isije ikapasuka katikati ya mchezo. Kisha, ili kumchangamsha yule binti, akatania.

"Jitahidi, mwanangu. Kama yule mwigizaji wenu wa Alhamisi."

Zikasikika hatua mbili. Kisha hedifoni zikaleta mlio mkavu, kama ufito unaovunjwa gotini, na juu yake kilio.

Kilikuwa kilekile cha kila Alhamisi. Kilipanda vilevile, kikakatika palepale, kikamalizika kwa ile pumzi ndogo ya mwisho ambayo watangazaji walishindwa kuisifu wakatosheka.

"Inatosha hiyo, mama?" mtunzi aliuliza kwa upole. "Nisamehe. Huwa halii vizuri mpaka asaidiwe."

Fundi alitoka chini ya meza. Alichomoa nyaya zote, akaibana kompyuta kwapani pamoja na kazi zote za mtunzi zilizomo, bisibisi imetokeza mbele ya ngumi yake, akamshika binti mkono uliosalia mzima, akatoka naye.