Kifungu cha Nne

"Wanafunzi! Walimu! Wapishi! Leo nasimama mbele yenu kama jemadari mbele ya jeshi lake, na adui yuko mlangoni!"

Jemadari huyo, Mwalimu Ndesanjo, mkuu wa shule, alikuwa ameivaa barakoa kidevuni kama ndevu za bandia. Akakohoa, akausoma waraka wa wilaya kuhusu homa ya kutoka damu. Kifungu cha kwanza: mwili kuwaka moto. Cha pili: damu mdomoni na puani. Cha tatu: damu hiyo kutoganda. Cha nne kilianza, "Ng'ombe akitupa mimba, ni marufuku kugusa..." na hapo kikazama, kwa sababu nyuma ya mstari mtu fulani, naye barakoa kidevuni, alikuwa anamwigiza mkuu mpaka kile kikohozi chake. Kidato cha tatu kizima kikaangua kicheko.

Ilikuwa Ijumaa. Mchana ule wanafunzi walikwenda makwao kwa mapumziko mafupi, wakarudi Jumapili jioni.

Jumatatu asubuhi, nusu saa kabla ya mtihani wa Fizikia, Loishiye wa kidato cha tatu alianguka bwenini. Damu ilimjaa mdomoni, ikachuruzika kidevuni hadi kwenye shuka. Bweni likawa tupu kabla mtu hajamaliza kusema "jamani".

Aliyebaki naye ni Matroni Evaresta, nesi wa shule. Alikuwa na jozi moja ya glovu na kipimajoto kilichoisha betri. Alichota damu kidogo kwenye kisosi, akasubiri igande. Dakika kumi. Ishirini. Damu ilibaki majimaji kama chai.

Akasimama kizingitini, akampigia simu mdogo wake aliyekuwa akimlelea mtoto mtaani Kwa Mrombo.

"Aikande, kuanzia leo Irine mpe maziwa ya kopo."

"Dada! Ana miezi mitano. Kopo la nini?"

"Mpe tu. Na usimlete huku hata nikikuomba. Nikilia usinisikilize."

"Dada, unanitisha. Una nini?"

Akakata simu. Gauni lake lilikuwa limelowa maziwa kifuani.

"Matroni, toka humo!" mkuu alipaza sauti kutoka katikati ya uwanja. "Daktari Manase yuko njiani kutoka mjini!"

"Nitoke nimwache na nani, Mwalimu? Na wewe?"

Jemadari akarudi nyuma hatua kumi.

Matroni akafunga mlango, akapiga magoti kando ya kitanda. Alianza Baba Yetu mara tatu, na mara zote tatu ilimkwama kwenye mkate wa kila siku. Loishiye akafumbua jicho moja. Akalifumba. Akafumbua yote mawili.

"Matroni, usilie. Samahani. Si damu yangu."

"Unasemaje?"

"Ni ya ng'ombe. Ni kwa sababu ya Fizikia."

"Mbona haigandi?"

"Imekorogwa kwa kijiti. Nyumbani wanaikoroga hivyo hivyo, ndiyo tunakunywa."

"Nani kaikoroga?"

"Mwenzangu."

"Yupi?"

"Matroni, nichape mimi tu."

Akamzaba kofi, akamkumbatia, akamzaba lingine. Akavua glovu, akazirusha dirishani, ambako nusu ya bweni ilikuwa imesharudi kuchungulia. Akamfuta Loishiye mdomo kwa vidole vitupu, vilivyopasuka kwa baridi ya Mlima Meru. Akafuta kidevu, akakusanya shuka, huku akicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akapiga simu tena.

"Mlete, Aikande. Mlete sasa hivi!"

Daktari Manase alipofika saa nane mchana, Irine alikuwa ameshanyonya, amelala kwenye mapaja ya mama yake. Mkuu wa shule alikuwa amepata tena sauti yake, na fimbo.

"Damu ya ng'ombe, daktari! Vita vimekwisha!"

Daktari hakucheka. Alikitazama kisosi, akaitazama mikono ya Matroni, akamgeukia Loishiye.

"Ng'ombe huyo alikuwa mzima?"

Macho ya Loishiye yalikwenda dirishani, na ya daktari yakayafuata. Wote waliojazana pale wakatawanyika, akabaki mmoja.

Ni mimi, daktari. Ng'ombe ni wetu, wa nyumbani Oldonyo Sambu. Alitupa mimba Jumamosi, Jumapili asubuhi akashindwa kusimama, baba akamwahi kwa kisu, nami nikakinga damu. Na ile Ijumaa, nyuma ya mstari, mwenye barakoa kidevuni nilikuwa mimi.