Karafuu Chini ya Kopo

Mnunuzi alivuta kahawa kutoka kwenye kijiko kwa kelele, kama wavutavyo waonjaji wote, kisha akafumba macho.

Ilikuwa kahawa ya shamba letu peke yake. Nilikuwa nimechuma matunda mekundu tu, nimeyaanika na kuyageuza kwa mikono hii mpaka mgongo ukaniuma, ili mtu auonje ule ukali wake wa limau.

"Kuna karafuu kwa mbali," akasema. "Shamba lenye ladha hii sijawahi kuliona."

Nikachungulia kopo la buni nilizokaanga jana. Chini kabisa zilikuwamo karafuu, kiganja kizima.

Mama mkwe, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akanisogelea sikioni. "Nimezitia mimi, mwanangu. Kahawa yako haikuwa na ladha, nikaona nisikuache uaibike mbele ya mgeni."

"Na limau?" nikamuuliza mnunuzi. "Limau hukulionja?"

"Limau wanalo wengi," akajibu, akichota tena. "Karafuu hii imetoka kwenye udongo wenu. Nachukua mavuno yote, ila msibadilishe kitu."

Nikafungua mdomo.

Mama mkwe akalifunika kopo.