Kanga Amjua Nungunungu

Panya Buku alikuwa na karanga tele shimoni mwake, na roho haikumtulia. Akamwajiri Kanga, ndege mwenye kelele, alinde mlango. Kanga aliwajua nyoka, kicheche na mwewe. Akimwona mmoja wao, pori zima liliamka. Hata hivyo Buku hakuacha kuchungulia.

"Hakuna kitu, mzee. Kapumzike," Kanga alimwambia kila mara.

Siku moja Buku alitoka kidogo na wanawe. Kurudi, akakuta Nungunungu ameingia shimoni na kuuziba mlango kwa miiba yake.

"Karanga zako sijagusa hata moja," Nungunungu alisema kwa upole. "Nishibishe mihogo, nitatoka."

Buku akamgeukia Kanga. "Umemwachaje akapita?"

"Si nyoka, mzee. Si kicheche, si mwewe. Tena alinisalimia vizuri." Kanga akaitazama ile miiba kwa makini. "Lakini sasa nimemjua. Hanipiti tena."

Buku alihangaika kutwa kuchimba mihogo, watoto wakilia njaa. Nungunungu akala, akashiba, akaanza kutoka.

Kanga akamwona, akapiga kelele kwa nguvu zake zote. Nungunungu akashtuka, akarudi ndani mbio, miiba ikaziba mlango upya.

"Umeona, mzee?" Kanga alisema kwa furaha. "Leo hakunipita!"